Stori ya Zeoliti: Kutoka Mashine ya Oksijeni Kitengela, Hadi Mawe ya Magadi na Gesi ya Nyuklia Isiyoshikika

Mwaka wa 2021, wakati korona ilikuwa imeshika nchi koo, ploti yetu upande wa Noonkopir ilikuwa na sauti yake. Vuuuu, halafu pshh. Vuuuu, pshh. Usiku kucha. Ilikuwa inatoka mlango wa tatu, kwa shosho mmoja aliyekuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani bado akihitaji oksijeni, na familia ikamkodishia mashine.

Wiki ya kwanza tulinung'unika. Wiki ya pili hatukuwa tunalala bila hiyo sauti. Stima zikipotea, ploti yote inaamka juu ya ukimya. Wasee wanatoka nje na tochi za simu, mjukuu anavuta kile kimtungi kidogo cha akiba, mtu anauliza kupitia dirisha, "Shosho, uko sawa?" na sisi wengine tunasimama hapo na masweta tukingoja jibu.

Sasa kitu ambacho sikujua wakati huo, na ninakubetia hata wewe hujui: ndani ya ile mashine hakukuwa na oksijeni. Zii. Hakuna mtungi, hakuna mtu wa kuja kujaza. Mashine inavuta hewa ile ile ya Kitengela, yenye vumbi la Namanga Road na harufu ya nyama choma ya jirani, na inatoa oksijeni upande wa pili. Kazi yote inafanywa na shanga nyeupe ndogo, kama punje za mtama, zilizojazwa kwenye mitungi miwili ndani ya mashine.

Hizo shanga zinaitwa zeoliti. Na hiyo zeoliti ndiyo wanasayansi wanaitumia sai kupambana na ngori moja kubwa ya nyuklia, ngori ya kuchuja gesi ambazo haziguswi na kitu chochote. Halafu kuna hii: mawe ya jamii hiyo yako chini ya miguu yetu hapa Kajiado, na yameandikwa kwenye vitabu vya jiolojia tangu kabla mzazi wako aende shule.

Twende mos mos.

Chekeche la mjengo

Ukiishi Kitengela umeona mjengo. Labda hata umewahi kupiga hiyo job ukisota. Mchanga ukishushwa na lori, fundi haupaki ukutani vile ulivyo. Anasimamisha wavu wa waya, mtu wa mkono anarusha mchanga kwa sepetu, mdogo unapita, kokoto zinateremka mbele. Hakuna kemikali, hakuna moto. Ni mashimo tu na ukubwa wa kitu.

Zeoliti ni wavu kama huo, ila mashimo yake ni madogo hadi yanachuja atomu. Ni jiwe lililoundwa na silikoni, alumini na oksijeni, na limejengwa kama ghorofa ya vyumba vilivyofanana, vyote vikiwa na madirisha ya saizi moja. Hapo ndipo utamu ulipo. Sponji nayo ina mashimo, lakini kila shimo lina saizi yake. Kwenye zeoliti ya aina moja, madirisha yote yanalingana juu yamepangwa na kristali yenyewe.

Madirisha hayo tunayapima kwa nanomita. Unywele wako mmoja una upana wa nanomita kama 80,000. Dirisha la zeoliti moja inayoitwa chabaziti ni karibu 0.38. Ishike hiyo namba, tutaihitaji.

Jina lenyewe lilitoka kwa Msweden Axel Cronstedt mwaka 1756. Alipasha jiwe moto, likatoa mvuke kama linachemka, akatumia maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka. Yale maji yalikuwa yamejificha ndani ya vile vyumba. Zeoliti inapenda maji kuliko kitu kingine chochote, na hiyo tabia ilikuja kusumbua mashine nyingi za oksijeni. Tutafika.

Kwa shosho, mambo yalikuwa yanaenda hivi. Hewa tunayovuta ni asilimia 78 nitrojeni na karibu 21 oksijeni. Mashine inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya mtungi wa kwanza. Ndani ya vyumba vya zeoliti kuna chaji za umeme kutoka kwa madini kama sodiamu au lithiamu, na nitrojeni inavutwa na hizo chaji kuliko oksijeni inavyovutwa. Nitrojeni inabaki imekwama, oksijeni inapita hadi puani kwa mgonjwa. Mtungi ukijaa nitrojeni, presha inaachiliwa, nitrojeni inatoka nje. Hiyo ndiyo "pshh". Wakati huo mtungi wa pili umeshachukua zamu. Kuna mitambo mikubwa ya hospitali inayofanya kazi kwa njia hiyo hiyo, na kampuni ya Hewatele ilianzia kazi yake hapo, na mtambo kule Siaya.

Lakini angalia karatasi ya mashine yoyote ya aina hii: oksijeni inayotoka ni asilimia 93 hivi. Mbona isiwe 100?

Ni juu ya mgeni wa tatu. Hewa ina karibu asilimia 1 ya gesi inaitwa argoni. Zeoliti ya kwenye mashine inaona argoni na oksijeni karibu sawa, kwa hivyo inaziachilia pamoja. Piga hesabu mwenyewe: toa nitrojeni yote, unabaki na oksijeni 21 na argoni 1 hivi. Hata mashine ikiwa fiti kabisa, huwezi kupita asilimia 95 na kitu. Shosho alikuwa anavuta argoni kila pumzi, na haikumfanya chochote. Argoni haifanyangi mtu chochote.

Wasee wasiocheza na mtu

Unajua ile dunda ambayo kuna msee mmoja amekuja, amelipa kiingilio, luku iko sawa, lakini hachezi, habongi na mtu, haombi namba, haguswi na ngoma yoyote? Anasimama tu pembeni na soda yake hadi asubuhi. Hao ndio gesi adimu: heli, neoni, argoni, kriptoni, zenoni na radoni.

Elektroni zao za nje zimejaa. Hawana cha kukopa wala cha kukopesha, kwa hivyo hawashikani na atomu zingine. Zenoni ndiyo iliyowashangaza watu kwanza: mwaka 1962 Neil Bartlett, akiwa Kanada, aliishikanisha na platini na florini, na vitabu vikabidi viandikwe upya. Lakini hiyo ni kwa kemikali kali sana. Kwa maisha ya kawaida hawa wasee hawana mbogi.

Sasa fikiria kama kazi yako ni kuwatenganisha. Gesi nyingi mbaya unazikamata kwa kemikali. Iodini, kwa mfano, inanaswa na fedha, na viwanda vya nyuklia hutumia zeoliti iliyopakwa fedha kuikamata. Lakini kriptoni utainasa na nini? Haitaki fedha, haitaki chokaa, haitaki maji. Na zenoni ni ndugu yake, ina tabia zile zile. Utamwita nani kando na yeye hajibu?

Swali hilo liko wazi kabisa kwenye viwanda vinavyochakata mafuta ya nyuklia.

Kinu cha nyuklia kinatumia urani. Atomu ya urani ikigongwa na nyutroni inapasuka vipande viwili na kutoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo wa umeme. Vile vipande viwili havilingani kila mara. Wakati mwingine ni bariamu na kriptoni, wakati mwingine stronti na zenoni. Kwa hivyo miaka inavyoenda, ndani ya zile fimbo za mafuta kunajaa gesi adimu ambazo hazikuwepo mwanzoni.

Fimbo zikitolewa, urani ndani yake haijaisha. Karibu asilimia 95 ya uzito wake bado ni urani. Ndiyo maana nchi chache, Ufaransa na Urusi zikiwemo, huzichakata ili kutoa kile kinachoweza kutumika tena. Fimbo inakatwa vipande, vipande vinatumbukizwa kwenye asidi ya naitriki inayochemka, na kila gesi iliyokuwa imefungiwa humo ndani inatoka kwa mpigo.

Humo kuna kriptoni-85. Hii ina mnururisho, na kila baada ya miaka kama 10.8 nusu yake ndiyo inaisha. Ukitaka ibaki sehemu moja tu katika elfu, ngoja kama miaka 108.

Na inapelekwa wapi? Kwenye kiwanda cha La Hague, Ufaransa, inapandishwa kupitia bomba refu la moshi na kuachiliwa hewani. Hawafichi, ni kitu kinachojulikana na kinachopimwa. Hoja yao ni kwamba kriptoni haishikani na mwili, ukiivuta unaitoa, na upepo unaisambaza hadi inakuwa kidogo sana. Hiyo hoja si ya kipuuzi. Ukilinganisha na iodini yenye mnururisho, ambayo inaenda moja kwa moja kukaa kwenye tezi ya shingo, kriptoni ni mpole sana.

Lakini upepo hauna mpaka. Sehemu kubwa ya kriptoni-85 iliyoko kwenye hewa ya dunia sai ilitoka kwa viwanda vya kuchakata mafuta ya nyuklia, na ikishatoka hakuna mtu wa kuirudisha. Hata imekuwa mambo ya udaku wa kimataifa: wataalamu hunusa kriptoni-85 kwenye hewa ili kujua kama kuna nchi inachakata mafuta kisiri kutoa plutoni ya mabomu. Unaweza kuficha kiwanda, lakini hii gesi itakuchoma.

Marekani ina sheria inayoweka kikomo cha kriptoni-85 inayoweza kuachiliwa kwa kila kiasi cha umeme wa nyuklia. Maana yake ni kwamba yeyote atakayetaka kuchakata huko lazima aikamate kwanza. Ndio maana pesa za utafiti zimeingia kwenye hii kazi.

Kugandisha ama kuchekecha

Njia ya kitambo ni baridi kali. Unagandisha gesi hadi ziwe maji, halafu unazitenganisha kwa sababu kila moja inachemka kwa joto lake: zenoni kwenye nyuzi 108 chini ya sifuri, kriptoni kwenye 153 chini ya sifuri. Inafanya kazi. Lakini mitambo ni mikubwa, inakula umeme, na kuna hatari moja noma. Kama oksijeni imebaki ndani, mnururisho unaigeuza kuwa ozoni, na ozoni ikirundikana kwenye ile baridi inaweza kulipuka. Mlipuko ndani ya kiwanda cha nyuklia ni kitu hakuna mtu anataka hata kufikiria.

Utauliza, kwani lazima kriptoni itenganishwe na zenoni? Si uweke zote kwenye mtungi mmoja ufunge?

Unaweza. Ila zenoni kwenye hayo mafuta ni kama mara kumi ya kriptoni. Na aina za zenoni zenye mnururisho huisha haraka, ile maarufu ya zenoni-133 nusu yake inaisha kwa siku 5 tu. Fimbo zikishakaa kwenye maji miaka kadhaa kabla ya kukatwa, zenoni iliyobaki ni safi. Kwa hivyo ukifunga zote pamoja, unajenga stoo ya kulinda kwa miaka mia, na sehemu kubwa ya kilicho ndani si hatari hata kidogo. Ni kama kulipia kontena kumi halafu tisa zimejaa hewa.

Na zenoni ni ganji. Kwenye hewa ya kawaida, kuipata ni kutafuta chembe moja kati ya milioni 11 hivi. Inatumika kwa taa maalum, kwa dawa ya usingizi hospitalini, na kwa injini za setilaiti. Unaona hizo sahani za Starlink kwenye paa za Kitengela na huko ndani Kajiado? Setilaiti zake hazikutumia zenoni kusukumana angani, juu bei ni kali. Za kwanza zilitumia kriptoni, na za kizazi kilichofuata zikaenda kwa argoni. Ile ile argoni ya kwa pua ya shosho.

Sasa rudi kwa ile namba niliyokuambia ushike. Dirisha la chabaziti ni nanomita 0.38. Atomu ya kriptoni ni karibu 0.37. Atomu ya zenoni ni karibu 0.40.

Umeona? Kriptoni inapita. Zenoni inagonga ukuta. Kama huwezi kumtambua msee kwa tabia juu hana tabia, mtambue kwa upana wa mabega.

Mwaka 2016 kikundi cha watafiti wa Marekani, Moises Carreon na Praveen Thallapally wakiwemo, walichapisha matokeo ya utando wa zeoliti ya muundo huo. Utando maana yake si shanga tena. Unachukua bomba la kauri lenye vitundu, unakuza juu yake ngozi nyembamba sana ya kristali za zeoliti, zimeshikana bila nafasi. Mchanganyiko wa gesi unasukumwa upande mmoja, na upande wa pili inatoka kriptoni zaidi. Kriptoni ilipita kwa urahisi zaidi ya mara 30 kuliko zenoni. Hakuna kugandisha, hakuna kuzungusha mitungi, hakuna "pshh". Gesi inaingia huku, inatoka kule, mchana na usiku.

Hiyo mara 30 ni kubwa, lakini usiruke bado. Atomu si gololi ngumu, na dirisha la zeoliti linatikisika kidogo likiwa na joto, ndiyo maana zenoni kadhaa zinajipenyeza. Ukitaka kuuza zenoni bila kumpatia mteja mnururisho, itabidi ipite kwenye utando mara kadhaa. Na utando ukiwa na ufa mdogo tu kati ya kristali mbili, gesi zote zinapita hapo kama mat zinavyopita kwa vumbi wakati kuna jam. Kukuza utando mmoja usio na ufa kwenye maabara kunawezekana. Kukuza mabomba elfu, yote bila ufa, kwa kiwanda, hiyo ni habari nyingine. Halafu moshi unaotoka kwa ile asidi una mvuke wa maji, iodini na oksaidi za nitrojeni, na lazima zote zitolewe kabla, ama zinaziba madirisha. Sayansi imeshaonyesha mlango uko. Kiwanda kinachoutumia kwa kazi ya kila siku ndicho kinangojewa.

Magadi

Toka Kitengela, shuka hadi Isinya, kata kulia uende Kiserian, halafu teremka Bonde la Ufa ukipita Olorgesailie. Joto linapanda, miti inapungua, na mwisho unaona ziwa jeupe na la waridi kama limepakwa rangi. Hiyo ni Magadi, kaunti ile ile unayolipia kodi ya ardhi ukiwa Kitengela. Magadi imechimbwa huko kibiashara tangu kampuni ya soda ilipoanza mwaka 1911, na ile reli ya zamani inayopita Kajiado mjini kutoka Konza ilijengwa kwa ajili yake.

Watu wengi wanajua magadi ya kuchemshia maharagwe. Wachache wanajua kwamba lile ziwa ni jiko la zeoliti.

Majivu na vumbi la volkano vikianguka kwenye maji makali ya magadi, yale maji yanavila taratibu, na kutoka kwa ule uji vinajijenga upya vikiwa kristali zenye vyumba. Mwaka 1976 wanajiolojia Ronald Surdam na Hans Eugster walichapisha kazi ndefu kuhusu jambo hilo hilo Magadi, na zeoliti waliyoikuta kwa wingi ni erioniti, pamoja na analsimu na nyingine. Eugster alikuwa ameshalipa hilo ziwa heshima yake kitambo: mwaka 1967 aliandika kuhusu madini mawili mapya ya silika aliyoyapata hapo, na yakaitwa magadiiti na kenyaiti. Manze, kuna dini la nchi yako na uliambiwa shuleni tuna magadi tu na fluorspa.

Kabla uchukue sepetu ukaomoke, sikiza. Mawe ya Magadi hayaendi moja kwa moja kwenye mashine ya oksijeni wala kwenye utando wa nyuklia. Yamechanganyika na vitu vingine, na kazi hizo zinataka kristali safi, kwa hivyo zeoliti hizo hupikwa viwandani: silika, alumini na maji ndani ya chombo kilichofungwa, joto juu, saa nyingi hadi siku kadhaa, kama unavyochemsha githeri kwa sufuria ya presha.

Na kuna ubaya mwingine ambao hakuna mtu anauambia vijana. Erioniti ikiwa ya nyuzinyuzi ni hatari kwa mapafu kama asbestosi, na zaidi. Huko Kapadokia, Uturuki, kuna vijiji vilivyojengwa kwa mawe yenye erioniti na watu wengi wakafa kwa saratani ya utando wa mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana wazi kuleta saratani kwa binadamu. Kwa hivyo ukienda Magadi kupiga picha, piga. Usianze kuponda mawe na kupuliza vumbi juu umesoma kitu mtandaoni.

Kajiado na takataka za nyuklia

Utasema hizi ni stori za Wafaransa. Lakini Kenya imekuwa kwenye hii safari tangu 2012 bodi ya umeme wa nyuklia ilipoundwa. Sheria ya Kawi ya 2019 ikaigeuza kuwa NuPEA. Mpango wa kwanza ulilenga Uyombo, Kilifi, na wenyeji wakakataa na maandamano mwaka 2024. Baadaye macho yakahamia Siaya. Lengo lililotangazwa ni umeme kufikia 2034.

Na Kajiado imo tayari. Pale Oloolua, upande wa Ngong, ndipo penye kituo cha taifa cha kushughulikia takataka zenye mnururisho. Zinazopelekwa huko ni vifaa vilivyochoka kutoka hospitalini na viwandani, kama vyanzo vya mnururisho vilivyokuwa kwenye mashine za matibabu au vya kupimia. Hakuna mafuta ya kinu hapo, na Kenya haina kinu. Lakini kinu kikija, kila fimbo inayotoka itakuwa na kriptoni na zenoni ndani, na itabidi mtu aamue: ikae imefungwa, ama ikatwe. Ikiwa haikatwi, gesi inabaki ndani ya chuma na hii stori yote ya utando haituhusu sana. Nchi nyingi zenye vinu zimechagua hivyo. Ikiwa itakatwa, hapa ama kwa nchi nyingine kwa niaba yetu, gesi inatoka, na kuna mtu mahali atakuwa anaivuta.

Mimi sipingi nyuklia, na simwambii mtu apinge. Ninachokiona ni kwamba kwenye mabaraza watu wanaulizana tu kuhusu mlipuko na ardhi. Hayo ni maswali ya haki. Ila kuna swali la tatu dogo, la fimbo zikishachoka zinapelekwa wapi na nani, na gesi yake inafanywa nini, na ukiliuliza kwa baraza yule mtaalamu mbele atajua kwamba hapa hakuna watu wa kupewa kofia na soda.

Turudi kwa shosho. Alipona, manze. Mashine ikarudi kwa mwenyewe, na siku za kwanza ukimya ulitunyima usingizi.

Lakini mjukuu wake alipata akili ya biashara. Akanunua mashine kama hiyo, ya mkono wa pili, ikakaa chini ya kitanda karibu mwaka mzima akingoja mteja. Siku aliyoiwasha, sauti ilikuwa ile ile, vuuuu, pshh, hewa inatoka vizuri kwa bomba. Taa ya njano ikawaka na haikuzima. Fundi akaifungua akamwonyesha: shanga zilikuwa zimekula unyevu. Molekuli ya maji ni ndogo kuliko nitrojeni, inaingia dirishani mapema na inang'ang'ania ndani, na nitrojeni ikija inakuta vyumba vimejaa. Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida, lakini hewa iliyokuwa inatoka haikuwa na tofauti kubwa na ile ya dirishani.

Kwa hivyo kama mko na moja nyumbani, iwasheni mara kwa mara hata kama hakuna mgonjwa, na ile sponji ya chujio ioshwe kila wiki, juu vumbi la Kitengela mnalijua. Na kama mnakodisha, msiridhike na hewa inayopuliza. Ulizeni mwenye mashine awapimie asilimia ya oksijeni mbele ya macho yenu. Ikiwa chini ya 82, hiyo irudi kwake, na taa ya njano ikiwaka usiku, weka kwanza kile kipimo cha kidole kwa mgonjwa kabla hujaanza kugongagonga mashine.